51 Pegasi au Tau Ceti?

Ukitaka nyota ya kuitazama kwa macho matupu, chukua Tau Ceti: iko umbali wa miaka nuru 12 tu. 51 Pegasi, iliyo umbali wa miaka nuru kama 50, inataka giza la kweli na macho makali.

Kwa sayari, mambo yanageuka. Mwaka 1995 wanaastronomia Michel Mayor na Didier Queloz waliona 51 Pegasi ikiyumba kidogo, ikivutwa na sayari, jitu la gesi lenye karibu nusu ya uzito wa Mshtarii. Linaizunguka kwa siku 4 na ushee. Yaani mwaka wa huko haufikishi hata wiki! Sayari za Tau Ceti bado zinabishaniwa. Vifusi vinavyoizunguka, hivyo havina ubishi: vinazidi vya mfumo wetu wa Jua zaidi ya mara 10.