Upinde wa puli: nilivuta kadhaa kule Johannesburg, hii njo orodha yangu kwa mtu wa Lubumbashi

Tuanze na jambo lenye muuzaji hatakuambia: upinde mzuri kwa mtu wa Texas ao wa Pretoria si lazima ukuwe mzuri kwa mtu wa Kamalondo. Yeye kamba ikikatika anaingia mu gari, anafika kwa fundi mwenye presi (mashini ya kukamua upinde ili kamba ilegee na kutoka), anakunywa soda moja, upinde unarudi mzima. Sisi hapa kamba ikikatika upinde unatundikwa ku ukuta mpaka mtu apande ndege ao apitishe feza Kasumbalesa, kule mpakani na Zambia. Kwa hiyo orodha hii sikuipanga kwa mbio ya mshale wala kwa bei, niliipanga kwa swali moja tu: siku kitu kitaharibika, wewe mwenyewe na kle aleni yako mkononi (ule ufunguo wa skuru wenye pembe sita), utaweza kufanya nini?

Yaya mmoja (ndivyo tunaita mkubwa wetu) wa Ruashi mwenye kufanya biashara ya pyese za gari kule Johannesburg alinipeleka fasi wanauza hizi pinde na kuna njia ya kupigia ndani, mita 20, unavuta wenyewe unataka bila mtu kukusukuma. Tulivuta mingi, mingine nimeitupa mu hii orodha juu haikuniambia kitu.

Kwa wenye hawajawahi kushika: upinde wa puli uko na magurudumu mawili ya mviringo usio sawa ku ncha za mikono ya upinde (vile vipande viwili vyenye kupindika, juu na chini), kamba na nyaya zinazungukia pale. Mmarekani mmoja wa Missouri, Holless Wilbur Allen, njo alipata haki ya uvumbuzi mu 1969. Kazi yake ni hivi: unaanza kuvuta uzito wote, tuseme paundi 60, hiyo ni kama kilo 27, halafu puli zikigeuka uzito unaanguka, mingi ya leo inaangusha asilimia 80 mpaka 90, kwa hiyo ukiwa umevuta mpaka mwisho mkono wako unabeba paundi 12 hivi ao chini, unaweza kungojea nyama igeuke ubavu bila kutetemeka. Ule wa babu zetu haukuwa hivyo, unabeba uzito wote mpaka unaachia. Na usinielewe vibaya, Baluba walikuwa na vibebeo vya upinde vya kuchonga, vya mfalme kabisa, na Mbidi Kiluwe wa hadisi zao alikuwa mwindaji, kwa hiyo Mzungu hakutuletea upinde, alituletea puli.

Mbele ya kutoa makuta yako, pima mwili wako, usiangalie kwanza rangi. Simama ukutani, fungua mikono yote miwili, mtu apime kutoka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole na metre ya fundi wa nguo, ugeuze kuwa inchi (gawanya sentimita kwa 2.54), kisha ugawanye tena kwa 2.5. Mimi kwa mfano ni sentimita 178, inakuja inchi 70, gawanya, inchi 28. Ile njo urefu wako wa kuvuta, ao karibu yake, dukani watarekebisha nusu inchi. Upinde wenye urefu mkubwa kuliko mkono wako utakufanya uegemee nyuma na kamba itakuchapa mkono wa mbele, na utasema upinde ni mbaya kumbe ni wewe umevaa nguo ya mkubwa wako.

Uzito nao, wanaume tunapenda kujionyesha, kila mtu anaomba 70. Kaa ku kiti, inua miguu yote miwili hewani, vuta pole pole upinde ukiwa umelenga mbele. Kama lazima uelekeze upinde juu mbinguni ndio uweze kuvuta, huo uzito si wako, punguza. Paundi 50 zinatosha kabisa kwa impala, kama mshale na ncha ni vizuri na unapiga fasi inafaa. Na angalia jicho lako lenye nguvu ni gani, juu kuna watu wa mukono wa kuume wenye jicho la kushoto njo linaongoza, na pinde za mukono wa kushoto dukani ni chache, utaambiwa ungojee oda.

Kuhusu mbio: ile namba kubwa wanaandika ku kartoni, 340, 350 futi kwa sekonde, inapimwa na upinde wa paundi 70, urefu wa inchi 30, mshale mwepesi wa greni 350 (greni ni kipimo kidogo cha uzito, paundi moja ni greni 7000). Wewe na inchi zako 28 na paundi 60 na mshale mzito wa kuwindia hutaona hiyo namba hata siku moja. Kila inchi moja pungufu inakula kama futi 10. Fanya hesabu ya nguvu yenyewe: greni za mshale mara mbio mara mbio, gawanya kwa 450,240. Mshale wa greni 420 ukienda futi 240 unapata kama 53.7 futi-paundi. Sasa chukua sheria ya Namibia, yenye kuandikwa vizuri: nyama ya kadiri kama springbok wanadai futi-paundi 40 na mshale wa greni 400, nyama kubwa kama kudu wanadai 65 na greni 450. Kwa hiyo ule upinde "mdogo" wa 240 unapita kwa springbok na impala vizuri, lakini kudu hapana. Hesabu kama hiyo njo inakuonyesha unahitaji upinde gani, haiko kelele za muuzaji.

Sasa orodha.

Ya kwanza kwangu: Bear Legit. Ndiyo, ile ya bei ya chini. Bear ni kampuni ya Florida, jina limetoka kwa Fred Bear, mzee wa kuwinda na upinde kule Marekani. Legit unaigeuza kutoka paundi 10 mpaka 70, na urefu kutoka inchi 14 mpaka 30, kwa kle aleni tu, bila presi. Soma tena hiyo. Inamaanisha wewe ukiumia bega unateremsha uzito jioni ile ile, mtoto wako wa miaka 12 anavuta upinde ule ule, na ukiamua kuuuzisha kwa mtu mfupi kuliko wewe hakuna cha kuagiza. Inakuja na vitu vyake vyote, pini za kulengea, kibebeo cha mshale, mfuko wa mishale, kule Marekani inacheza karibu dola 500. Ubaya upo: ukiachia mshale unasikia mtetemo ku mkono, ukifika mwisho wa kuvuta hausimami kavu, unalegea kidogo kama unaweza kuvuta tena, na zile pini zenye kuja nayo ni za kuanzia tu, nuru ikipungua jioni utazilaani. Mbio wanasema 315. Kwa mtu wa kwanza kununua, mwenye atawinda ku ferme ya rafiki mara chache kwa mwaka, sioni juu ya nini alipe mara tatu.

Ya pili: Bowtech SR350, kama feza zipo. Ni ndefu inchi 33 kutoka puli mpaka puli, kwa hiyo imetulia mkononi, na ile 350 ya jina ni mbio yake ya kartoni. Lakini mimi sikuiweka hapa kwa mbio. Bowtech wako na kitu wanaita DeadLock: mshale ukitoka umepinda, ukipiga karatasi tobo linapasuka upande badala ya kuwa duara safi, kwa pinde nyingi lazima uende kwa presi ufungue puli na kuweka vipande vidogo vya kusogeza. Huyu unalegeza skuru moja, unasukuma puli kushoto ao kuume na kle, unafunga. Pale dukani kijana wa kazi alifanya mbele yetu, karatasi ya kwanza mpasuko wa upande, akazungusha kidogo, karatasi ya pili ikawa na tobo la duara na alama tatu za manyoya sawasawa, na hakutoa hata kamba. Yaya alinitazama tu. Kwa mtu wa Lubumbashi hicho kitu ni fundi wa bure. Kuvuta kwake lakini ni kugumu, uzito unapanda haraka na unaanguka ghafla, kwa hiyo usinunue ya 70 kama 60 unavuta kwa shida.

Ya tatu: Diamond Infinite Edge Pro, ni ndugu mdogo, Diamond ni ya Bowtech hao hao. Paundi 5 mpaka 70, inchi 13 mpaka 31, mbio 310, nyepesi sana, paundi 3.2. Kama nyumba ni ya watoto wengi na mama naye anataka kujaribu, chukua huu mbele ya Legit. Mimi uliniruka mkononi kwa wepesi wake, upepo ukivuma unayumba.

Ya ine, na hapa watu watanikasirikia: Mathews Lift 33. Niseme ukweli, kati ya vyote nilivyovuta huu njo mtamu kuliko vyote. Unavuta bila kusikia fasi uzito unapandia, ukifika mwisho unasimama kavu, ukiachia ni kimya, unabaki unauliza kama mshale umeenda. Ni wa 2024, inchi 33, paundi 4 na kidogo. Basi juu ya nini nauweka ya ine? Juu urefu wa kuvuta na uzito viko mu kipande kidogo cha puli, na kila kipimo kiko na kipande chake. Ukitaka kubadilisha kutoka inchi 28 mpaka 28 na nusu, unanunua kipande kingine, kwa muuzaji mwenye ruhusa, na huyo muuzaji haiko njia ya Likasi. Bei nayo inapita dola 1000 upinde mtupu, bado pini, bado kibebeo, bado mishale. Kama wewe unaenda Afrika Kusini kila miezi michache kwa kazi, sahau orodha yangu, nunua huu.

Ya tano: Hoyt za kaboni, zile za jina RX. Kazi safi, asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba hazikugandishi vidole kama aluminiamu, lakini bei inakaribia dola 2000 na sisi baridi yetu si ya kulipia hivyo.

Za mkono wa pili zipo, na kwa hali yetu si wazo baya, lakini chukua kipande cha pamba, pitisha pole pole ku mikono yote miwili ya upinde, juu, chini na pembeni. Nyuzi za pamba zikinasa fasi moja, kuna ufa, rudisha. Tazama puli kwa nyuma kama zinasimama wima ao moja imelala. Na muulize mwenyewe kama upinde uliwahi kuachiwa bila mshale, kisha umtazame machoni, juu nguvu yote yenye ilikuwa iende kwa mshale inarudi ku mikono na puli, na ufa mwingine hauonekani siku ile.

Kuhusu rangi, chukua nyeusi ao kahawia. Ile ya majani majani kama nguo za jeshi ni nzuri ku picha, lakini unapita Zambia, na kule raia kuvaa kamuflaji ni kosa, mtu wa mpaka akiona mfuko wote wa rangi hiyo utaeleza mpaka jua lizame. Mu Lubumbashi pia usiutembeze wazi, weka mu valize ngumu. Weka faktire juu kabisa ya mizigo kwa watu wa DGDA (forodha yetu), usiifiche. Kuwinda kwenyewe kuko na sheria ya 1982, permi ni lazima, na Upemba na Kundelungu usifikirie hata kwa utani, ni mbuga za taifa.

Joto nalo ni adui. Mwezi wa kumi usiache upinde mu gari pale Carrefour saa saba ya mchana, kamba inavutika, pini zako zinaanza kudanganya, na gundi ya mikono ya upinde inaweza kuachia.

Kwa hiyo siku unalipa, lipa na hivi vitu siku ile ile: kamba na nyaya seti mbili za modeli yako kamili (andika namba yenye kuwa ku upinde, usiseme tu "ya Bear"), nta ya kamba, kipande cha uzi wa kufungia kile kitanzi cha kuvutia, kile kifaa cha mkononi cha kuachia kamba, kle aleni seti nzima ya inchi juu zetu za milimita hazitaingia, na presi ndogo ya mkono, lakini uliza kwanza kama kampuni ya upinde wako inaikubali juu zingine zinafuta garanti ukiitumia. Mishale dazeni moja, kwa paundi 60 na inchi 28 mara nyingi ni ile yenye namba ya ugumu 400 (hiyo si greni), na kila mshale mbele ya kuupiga uukunje kidogo karibu na sikio, ukisikia kelele ya kupasuka uvunje kabisa uutupe, kaboni ikipasukia mu mkono haina hospitali rahisi. Kama feza hazitoshi kwa vyote, punguza upinde, chukua wa bei ya chini, lakini seti ya pili ya kamba usiiache dukani.