Boti ya mpira yenye kitako kigumu kwa maji ya Mtera: ipi inunuliwe kwanza, ipi iachwe

Ukitoka Dodoma kwa barabara ya Iringa, karibu nusu ya safari, maji ya Mtera yanaanza kuonekana upande wa kulia. Ndani yake imesimama miti mikavu iliyokufa bwawa lilipojaa, matawi yake yamegeuka meupe kwa vinyesi vya mnandi. Wasafiri husimamisha gari wapige picha. Mimi miti hiyo inayoonekana hainisumbui. Inayonikosesha usingizi ni ile iliyovunjikia chini ya maji ikabaki visiki.

Bwawa likijaa, maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Mitambo ya umeme inaweza kuendelea kuyatumia mpaka yashuke mita 690. Hizo ni mita nane na nusu za kupanda na kushuka. Kisiki ulichopita juu yake mwezi wa tano bila kujua kama kipo, mwezi wa kumi na moja kinakungoja kiganja kimoja chini ya uso wa maji, nawe uko mbio. Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na mashine wala rangi. Unaanza na kitako cha boti.

Sisi ni kikundi cha watu sita. Tunanunua perege na kambale kwenye mialo, tunawapeleka Dodoma mjini, na mara mojamoja tunabeba wageni wanaotaka kuona ndege na viboko. Tumekodi boti za watu vya kutosha. Sasa tunaweka akiba tununue yetu, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuchagua. Ninayoiota ni boti ya mpira yenye kitako kigumu, yaani chini imara kama boti ya kawaida, juu imezungukwa na maboya ya hewa. Haigeuki kirahisi, haizami hata ikijaa maji, na ukiegesha kando ya mtumbwi wa mwenzako haumuumizi wala hakuumizi.

Aina hii ilizaliwa kwa shida inayofanana na yetu. Miaka ya 1960, kwenye chuo cha Atlantic College huko Wales, boti zao za mpira mtupu zilikuwa zikikwaruzika chini kwa kuburutwa kwenye mawe ya ufukweni. Mkuu wa chuo, admirali mstaafu Desmond Hoare, na wanafunzi wake wakafunga mbao za plaiwudi chini ya mpira, wakarekebisha tena na tena mpaka ikakubali. Hati ya ugunduzi ikauzwa kwa waokoaji wa baharini wa Uingereza, RNLI, kwa pauni moja tu. Mwaka 1972 RNLI walikuwa tayari wameingiza kazini boti yao ya Atlantic 21. Nikisoma habari hiyo nafikiria mwalo wetu. Hatuna gati, tuna matope, changarawe na mizizi. Kila siku tunaburuta.

Ya kwanza: kitako cha alumini, maboya ya Hypalon

Hii naiweka juu bila kusita. (Hypalon ni aina ya mpira wa bandia; sababu yake nitaieleza mbele.) Alumini ikigonga kisiki hubonyea, faiba hupasuka. Mbonyeo unarudi nao nyumbani, ufa unaingiza maji. Nataka bati la milimita 4 chini, na mkuku, yaani uti wa chini ya boti, ulioongezewa mkanda wa pili wa alumini, ule wa kuliwa na mchanga halafu ukabadilishwa. Urefu wa mita tano unatosha. Ikizidi hapo, kuitoa majini ni kazi ya watu kumi.

Umbo la kitako nalo lina lake. Ukilitazama kwa nyuma lina umbo la V, na ukali wake hupimwa kwa nyuzi za mteremko wa kila upande. Boti za uokoaji wa baharini zina V kali, nyuzi 22 hadi 25, ili zikate mawimbi makubwa. Mtera haina mawimbi ya namna hiyo. Ina upepo wa kiangazi unaoamka mchana na kuleta mawimbi mafupi yaliyosongamana. V ya nyuzi 15 hadi 18 inayakata vizuri, inaelea kwenye maji machache, na haiyumbi watu wawili wakisimama upande mmoja kupokea matenga ya samaki. Muuzaji akikusifia V kali kwa sababu ndiyo ya wanajeshi, muulize wanajeshi hao wanavua bwawa gani.

Maboya yawe na kipenyo cha sentimita 45 au zaidi, na vyumba vitano vya hewa vilivyotengana. Hapa kuna mzee mmoja mvuvi niliyemkuta mwaloni siku tulipokwenda na boti ya mpira ya kuazima. Nilimwamkia, "Mbukwa, babu." Akaitikia, akaizunguka boti yote kimya, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, hii ikitoboka katikati ya maji mnarudi na nini?" Nikamwonyesha kuta za ndani zinapoanzia na kuishia, kwamba chumba kimoja kikifa vinne vinabeba. Akaweka kiganja juu ya boya, akakiondoa upesi. Ilikuwa saa nane mchana. "Sisi nyavu tunazifunika jua lisizile," akasema. "Ninyi kitu cha mpira mmekiacha uchi."

Alikuwa na haki, na ndiyo sababu nasisitiza Hypalon. PVC, ile ya plastiki, ni rahisi kwa bei na hushikishwa kwa joto kiwandani, lakini jua la Kanda ya Kati linaikausha, inakuwa ngumu, maungio yanaanza kuachia. Hypalon hustahimili jua na petroli iliyomwagika kwa muda mrefu zaidi. Ukitaka kuitambua, haing'ai, inashikika kama raba iliyopakwa vumbi laini. Jina hilo lilikuwa la kampuni ya DuPont, iliyoacha kuizalisha mwaka 2010, ila viwanda vingine vinatengeneza malighafi ileile na watu bado wanaiita hivyo. Gundi zake hazichangamani: ya PVC haishiki Hypalon. Nunua kopo sahihi pamoja na boti, na usibandike kiraka juani. Gundi inakauka juu kabla haijashika chini. Rangi chagua kijivu cheupe. Boya jeusi ni la kwenye baridi.

Kuna jambo moja sijaona likisemwa na wauzaji wa Dar, nalo lilitugharimu. Jamaa yetu alinunua boti kuukuu pwani, akaijaza alfajiri mpaka kipimo sahihi, robo ya bar (bar ni kipimo cha presha ya hewa), tukaifunga kwenye trela tukaanza safari. Tulisimama Gairo kunywa chai. Nikagonga boya kwa kidole, likalia kama ngoma iliyowambwa. Karibu na ubao wa nyuma, ule unaofungwa mashine, maungio yalikuwa yamefunguka urefu wa kiganja, hewa inatoka kwa mluzi mwembamba.

Sababu ni hii. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, hewa ya nje inapungua nguvu, iliyofungiwa ndani inabaki ileile. Kwa kupanda huko peke yake, robo ya bar inasoma karibu bar 0.37. Ongeza jua: hewa ya ndani ikipanda kutoka nyuzi joto 20 hadi 50, inaongezeka nguvu tena. Ukijumlisha yote mawili unakaribia nusu ya bar, mara mbili ya kile boya lilichotengenezewa. Kwa hiyo ukisafirisha kutoka pwani, legeza maboya kabla ya kuondoka, yajaze ukifika. Na boti ya ndoto yangu ina valvu za usalama zinazoachia zenyewe presha ikizidi. Si kifaa cha bei kubwa, ila si kila boti inacho.

Mashine yake? Nguvu farasi 40, mipigo miwili, ya kuvuta kamba, yenye mkono wa usukani nyuma. Najua mipigo minne inakunywa mafuta kidogo na haina moshi. Lakini mipigo miwili ni nyepesi, na fundi wa pikipiki pale kijijini anaielewa. Mafuta ndiyo maumivu: ukiifungua hadi mwisho inaweza kufika karibu lita 20 kwa saa, kwa hiyo hatutaifungua. Kumbuka pia kwamba mashine hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Mtera utapoteza kama asilimia 7, na propela iliyochaguliwa kwa bahari itakuwa nzito kwake. Omba yenye hatua fupi kidogo, yaani inayosukuma boti umbali mfupi kwa kila mzunguko. Iwe ya alumini, maana ikigonga kisiki ivunjike yenyewe kuliko kuvunja giaboksi. Beba ya pili.

Pima ubao wa nyuma kwa futi kamba kabla ya kulipia mashine. Mguu wa mashine ulio mfupi ni wa ubao wa sentimita 38, mrefu ni wa sentimita 51. Mguu mrefu kwenye ubao mfupi unakuwa jembe: utalima visiki vyote vya Mtera. Na usikubali mashine isiyo na ile kamba ya mkononi inayoizima ukianguka. Boti isiyo na mtu huzunguka na kumrudia aliyeanguka, propela ikiwa mbele yake.

Ya pili: kitako cha faiba, maboya ya Hypalon

Hizi ndizo nyingi zaidi sokoni, na kwa mtu wa pwani ndizo bora. Zinateleza vizuri, haziungurumi kama alumini, na kuziba faiba ni kazi inayojulikana. Ukipata iliyotunzwa, ichukue, lakini ipinduliwe mbele yako. Pitisha mkono kwenye mkuku wote kuanzia omo hadi nyuma. Mahali palipopakwa rangi mpya peke yake ndipo pa kuuliza maswali. Gonga kwa shina la bisibisi: sauti kavu ni salama, sauti butu kama ya papai bovu maana yake maji yameingia kati ya matabaka.

Ya tatu: boti ya alumini tupu, bila mpira

Kwa kubeba matenga inashinda zote mbili, nafasi ni kubwa kwa urefu uleule. Nimeishusha kwa sababu ya viboko na upepo wa mchana. Ikipigwa ubavuni ikajaa, inaelea kwa shida kama haina povu gumu la kuelea chini ya sakafu. Mwenye pesa za kutosha alumini, zisizotosha maboya, aanzie hapa, ahakikishe povu lipo.

Ya nne: boti ya mbao yenye mashine

Naiheshimu. Fundi wake yuko mwaloni, misumari na pamba ya kuziba vinapatikana dukani, na bei yake haifikii hata mashine ya boti ninayoiota. Kama kazi yako ni samaki tu, na hutabeba mgeni, inunue leo, usisubiri ndoto yangu. Majaketi okozi yawe ya watu wote waliomo, yavaliwe, yasiwe ya kukalia.

Ya mwisho: mpira mtupu unaokunjwa

Inaingia kwenye buti la gari, inavutia. Kwenye bwawa la Hombolo, lililojengwa 1957 na ambalo tope limelipunguza kina, mtu mmoja wa kupiga kasia asubuhi anaweza kuifurahia. Mtera nisingempa hata adui. Chini yake ni kitambaa, na kisiki hakibishi hodi.

Kwa Ziwa Sulunga kule Bahi sipendekezi hata moja kati ya hizi. Ni maji machache yanayokuja na mvua na kuondoka na kiangazi, miaka mingine yanakauka kabisa. Mtumbwi na upondo vinatosha.

Kabla ya kuingiza majini, ulizia TASAC, ndio wanaosimamia usalama wa vyombo, na leseni ya uvuvi halmashauri. Trela ipakwe grisi ya kutosha kwenye bearingi, kila safari ya mwaloni inazizamisha. Nataka pia turubai la kufunika maboya yote, ile nguo aliyoisema mzee.

Ukifika kwa muuzaji, omba boya lijazwe jioni jua likishazama, usome kipimo, uandike namba na saa. Lala hapohapo mjini. Kesho yake rudi alfajiri kabla jua halijagusa boti, usome tena. Baridi ya usiku itashusha kidogo, hilo ni la kawaida, na litashusha vyumba vyote sawasawa. Kimoja kikishuka kuliko wenzake, chukua ndoo, koroga sabuni ya unga, paka maungio kwa kitambaa kuanzia kwenye valvu, polepole, ukisogeza uso karibu. Povu dogo likianza kujengeka mahali pamoja na kukua, umepata tundu. Likiwa kwenye valvu, valvu inabadilishwa kwa dakika kumi. Likiwa kwenye maungio ya ubao wa nyuma, rudisha pesa mfukoni.