Albamu ya Picha za Michezo: Uchapaji Bora, Maelezo Haba

Albamu ninayoihakiki hapa imekusanya picha za matukio makubwa ya michezo, kuanzia enzi za filamu nyeusi na nyeupe hadi zama hizi za kamera za kidijitali, na jambo la kwanza linalostahili sifa ni uchapaji wake. Karatasi ni nzito na haing'ai, hivyo msomaji anaweza kuitazama picha chini ya taa bila kusumbuliwa na mwako, na weusi wa wino umekolea vizuri bila kufuta mambo madogo yaliyomo ndani ya vivuli.

Ubora huo unadhihirika hasa katika picha aliyoipiga Neil Leifer tarehe 25 Mei 1965 mjini Lewiston, jimbo la Maine, Marekani, ambamo Muhammad Ali amesimama mbele ya Sonny Liston aliyelala chali ulingoni, mkono wake wa kulia ukiwa umekunjwa kifuani. Imechapwa kubwa kiasi kwamba unamwona waziwazi mpiga picha mwingine, Herb Scharfman, kati ya miguu ya Ali, akiwa upande wa pili wa ulingo. Scharfman alikuwa mzoefu, naye Leifer alikuwa kijana wa miaka 22, lakini usiku ule kilichowatenganisha ni mahali walipokaa: mmoja aliuona uso wa Ali, mwingine akaambulia mgongo. Isitoshe, taa za mmweko zilizofungwa juu ya ulingo zilihitaji muda wa kujaa umeme upya baada ya kila picha, kwa hiyo Leifer hakuweza kufyatua mfululizo kama wafanyavyo wapiga picha wa leo. Ilimbidi aichague nukta yenyewe, na aliichagua barabara.

Cha kusikitisha ni kwamba maelezo yaliyo chini ya picha hayagusii lolote kati ya hayo. Yametaja mabondia wawili na mwaka, basi. Asiyeijua historia ya pambano hilo atadhani Ali anashangilia ushindi, ilhali alikuwa akimfokea Liston ainuke waendelee kupigana. Picha ya michezo hunasa sehemu ndogo sana ya sekunde, na asipoambiwa kilichotangulia na kilichofuata, mtazamaji anaweza kuondoka na maana isiyokuwepo kabisa.

Kasoro hiyo inauma zaidi tunapofika kwenye Michezo ya Olimpiki ya Mexico City, mwaka 1968. Picha ya John Dominis ya tarehe 16 Oktoba, baada ya fainali ya mita 200, imechukua ukurasa mzima wa kulia na kipande cha ukurasa wa kushoto, na kwa kuwa kitabu hakifunguki bapa, mkunjo wa katikati umemmeza Peter Norman, Mwaustralia aliyeshika nafasi ya pili. Tommie Smith na John Carlos, Wamarekani weusi walioshika nafasi ya kwanza na ya tatu, wanaonekana vyema jukwaani wakipinga ubaguzi wa rangi, ngumi juu, glavu nyeusi mikononi, wakiwa na soksi bila viatu. Lakini Norman naye alivaa beji ileile ya kutetea haki za binadamu waliyoivaa wenzake, na mwaka 2006 alipofariki, Smith na Carlos walikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza lake. Kumpoteza mtu huyo ndani ya mkunjo wa karatasi ni uzembe wa mpangaji kurasa ambao siwezi kuupuuza.

Michezo hiyohiyo ndiyo iliyotupa taswira ya John Stephen Akhwari wa Tanzania, aliyeanguka na kuumia katika mbio za marathoni, kisha akaingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Albamu imempa kipicha kidogo pembeni mwa ukurasa. Mimi ningempa ukurasa mzima, kwa sababu ni picha chache za michezo zinazomwonyesha aliyemaliza wa mwisho akiwa na hadhi kubwa kiasi hicho.

Sehemu ya miaka ya karibuni imepangwa kwa uangalifu zaidi. Picha ya Cameron Spencer inayomwonyesha Usain Bolt akitabasamu kando katikati ya nusu fainali ya mita 100, Rio de Janeiro 2016, imeachiwa nafasi ya kutosha, nayo mistari ya ukungu nyuma ya wakimbiaji inaeleza yenyewe jinsi kamera ilivyofuatishwa na mwendo wao huku ikiachwa ipokee mwanga kwa muda mrefu kidogo.

Majina ya wapiga picha yamerundikwa katika ukurasa wa mwisho kwa herufi ndogo mno, na kumtafuta aliyepiga picha fulani kunachosha. Anayetaka kujifunza upigaji picha kwa kutazama atafaidika sana na albamu hii na ninamshauri ainunue. Anayetafuta historia ya michezo asubiri toleo litakaloweka jina la mpiga picha na maelezo kamili chini ya kila picha, na litakalomtoa Norman ndani ya mkunjo.