Adapta za pawalaini: ipi ununue, na lini uache pesa mfukoni

Ruta iko sebuleni, palepale fundi wa faiba alipopitishia waya wake. Kompyuta iko chumba cha uani. Katikati kuna kuta tatu za tofali za saruji, jokofu na mlango wa chuma. Wi-Fi inafika uani ikiwa hoi. Ujumbe wa WhatsApp unapita, lakini ukiingia kwenye mkutano wa video bosi anaganda huku kaachama, na wewe unabaki kubahatisha alichosema.

Adapta za pawalaini zimetengenezwa kwa shida hii hasa. Ni vichwa viwili vya kuchomeka ukutani, kama chaja nene. Kimoja unakichomeka karibu na ruta na kukiunga nayo kwa waya mfupi wa mtandao. Cha pili unakichomeka uani na kukiunga na kompyuta. Data inasafiri kwenye nyaya zilezile zinazowasha taa, ikipanda juu ya umeme wa hezi 50 kwa mawimbi ya kuanzia megahezi 2. Hutoboi ukuta, wala huombi ruhusa kwa mwenye nyumba.

Ila zina tabia moja: kwenye nyumba hii zinapaa, kwenye ile zinatambaa, na boksi ni lilelile. Nyaya za ukutani kwako ndizo zinazoamua. Kwa hiyo naanza na ukuta, bidhaa baadaye.

Kagua nyumba kabla ya duka

Jozi yangu ya kwanza niliichomeka kwenye ekstensheni nyuma ya televisheni, na ekstensheni yenyewe ilikuwa kwenye friji gadi. Nikapima: Mbps 7. Nikaanza kutafuta risiti. Fundi umeme wa mtaani, aliyekuja kwa ajili ya feni, akaitazama, akacheka, akaing'oa na kuichomeka moja kwa moja ukutani. Mbps 55. Adapta ileile, saa ileile. Friji gadi, UPS na ekstensheni zenye kinga huchuja mawimbi ya juu zikidhani ni uchafu wa umeme, kumbe uchafu wenyewe ndiyo data yako. Adapta ikae ukutani, televisheni ndiyo iende kwenye ekstensheni. Kama soketi ni moja tu, tafuta modeli yenye soketi usoni, kisha uchomeke ekstensheni juu yake. Modeli hizo huwa na kichujio cha kuzuia kelele za vifaa visiingie kwenye njia ya data.

Halafu kuna erthi. Adapta za kizazi cha AV2 (toleo jipya la HomePlug AV, kiwango cha adapta nyingi za pawalaini) zenye MIMO, yaani kutuma data kwa njia zaidi ya moja kwa pamoja, hutumia nyaya zote tatu: laini, nyutro na erthi. Nyumba nyingi zina soketi ya matundu matatu ambayo lile la juu halijaungwa na kitu, au fimbo ya erthi haikuzikwa kabisa. Adapta itafanya kazi kwa nyaya mbili, lakini ule uwezo wa ziada uliolipia umekwenda na maji. Mwite fundi apime. Intaneti ni kisingizio tu, erthi inaokoa maisha.

Kama nyumba ina umeme wa fezi tatu, sebule ikawa fezi moja na uani nyingine, mawimbi yanavuka kwa tabu. Nyumba za kupangisha ambazo kila mlango una LUKU yake ni bahati nasibu zaidi. Kwangu mimi, kutoka mita moja hadi nyingine sinunui bila makubaliano ya kurudisha.

Na plagi. Tanzania, Kenya na Uganda tunatumia ile ya Kiingereza ya pini tatu bapa, na Dubai na Oman ni hivyohivyo, kwa hiyo binamu aliyeko huko anaweza kukuletea bila wasiwasi. Inayotoka Ujerumani ina pini mbili nene za mviringo na inadai kigeuzi. Vigeuzi vingi vya bei rahisi havipitishi erthi, na ile mbinu yetu ya kufungua tundu la juu kwa kalamu haitakusaidia.

Mpangilio wangu

Namba moja si adapta. Ni kebo ya mtandao ya Cat6. Kama nyumba ni yako, au mwenye nyumba ni mwelewa, vuta kebo kupitia darini na usisome zaidi. Inabeba gigabiti moja hadi mita 100, haijali jokofu wala fezi. Kariakoo inauzwa kwa mita, lakini fungua macho: iko ya shaba tupu na iko ya alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe mbele ya muuzaji. Ukitokea weupe, ni alumini, irudishe kwenye roli lake.

Namba mbili, na ndiyo ningemnunulia ndugu yangu: adapta za AV2 za daraja la 1000 hadi 1300 zenye tundu la gigabiti, pini tatu, na soketi usoni kama mfuko unaruhusu. TP-Link wanazo, na kampuni nyingine kadhaa. Hapa muuzaji atakwambia, "Bosi wangu, hii ni 1000, inapaa!" Msikilize kwa adabu. Hiyo 1000 ni kasi ya nadharia kwenye waya, kwenda na kurudi zikiwa zimejumlishwa. Ukipata robo yake nyumbani una bahati, na hiyo robo inatosha kabisa.

Namba tatu watu hunishangaa: AV600, ile ndogo ya bei ya chini. Soma pembeni mwa boksi, utakuta tundu lake mara nyingi ni la 10/100. Maana yake hata nyaya zako ziwe za dhahabu, haitavuka Mbps 100. Imeandikwa 600 na mlango wake ni wa 100, biashara hiyo. Lakini kifurushi chako cha faiba ni cha Mbps ngapi? Kama ni 20, kinachozuia kasi si adapta. AV600 itakipitisha kifurushi chote na chenji ibaki. Nimeitumia miaka mitatu kwa kazi za ofisi na sina kinyongo nayo.

Adapta za G.hn, kiwango kingine cha pawalaini, zile zenye 2400 kwenye boksi kama Magic 2 ya devolo, ndizo za kisasa zaidi, na kwenye nyaya ndefu au kongwe mara nyingi huipita AV2. Nimeziweka nyuma kwa sababu ya bei na kwa sababu si rahisi kuzipata madukani kwetu. Ukiwa na faiba ya zaidi ya Mbps 100, au unahamisha mafaili makubwa ndani ya nyumba, zipandishe hadi namba mbili. Kosa la kuepuka: G.hn haiongei na HomePlug AV. Usinunue moja ya 2400 ukitegemea iungane na AV1000 uliyonayo. Zitakaa ukutani kama wakwe waliokosana.

Wi-Fi ya meshi, yaani vituo kadhaa vinavyopokezana Wi-Fi nyumba nzima, ni jibu la swali jingine. Kama tatizo ni simu za watoto chumba kwa chumba, nunua meshi na usahau adapta. Kwa kompyuta moja iliyokaa mahali pamoja nyuma ya kuta za saruji, meshi nayo inapigana na kuta zilezile, isipokuwa uiunganishe kwa waya, na hapo tumerudi kwenye kebo.

Adapta zenye Wi-Fi ndani yake ni za wastani katika kazi zote mbili. Kama una ruta ya zamani kabatini, iunge nyuma ya adapta ya kawaida na uigeuze kuwa kituo cha Wi-Fi cha uani.

Mkiani naweka ripita ya bei rahisi, ambayo kwa kawaida hupokea na kurusha kwa redio moja, hivyo hukata kasi karibu nusu. Naweka pia adapta za mtumba za AV200. Zilikuwa nzuri enzi zake, kiwango chenyewe ni cha 2005.

Ukishalipa

Usitupe boksi. Kubaliana na muuzaji siku tatu za kurudisha, na akuandikie kwenye risiti. Siku ya kwanza pima mchana, kisha pima saa mbili usiku wakati mtaa mzima umewasha taa na chaja. Taa za LED za bei poa na chaja zisizo na jina huchafua njia. Niliwahi kupoteza nusu ya kasi kwa sababu ya chaja moja ya simu iliyokuwa soketi ya jirani na adapta. Na kama mzee nyumbani bado anasikiliza redio kwa masafa mafupi, jitayarishe kwa malalamiko, maana mawimbi ni ya eneo lilelile.

Umeme ukikatika, inveta lazima ilishe soketi zote mbili na ruta. Upande mmoja ukiwa gizani, hakuna mtandao. Kwa bajeti ya LUKU, adapta mbili za wati 3 kila moja zikiwaka muda wote hula kama uniti 4.3 kwa mwezi.

Mwisho kabisa bonyeza kitufe cha Pair kwenye ya kwanza, kisha kwenye ya pili ndani ya dakika mbili. Watu huruka hatua hii kwa kuwa mara nyingi adapta huungana zenyewe zikitoka kwenye boksi. Ndiyo, kwa sababu HomePlug AV ina neno la siri la kiwandani, nalo ni HomePlugAV. Mpangaji wa chumba cha pili mnayechangia mita akinunua jozi kama yako, naye akaliacha neno hilohilo, atajikuta yuko kwenye mtandao wako, na wewe kwenye wake.