Nimebadilisha nibu ya Lamy Safari ya zawadi: inaandikaje sasa kwenye kaunta buku?

Haya ndugu watazamaji karibuni sana, leo niko na kalamu ya nibu, yani ile yenye ncha ya chuma inayopitisha wino, Lamy Safari, hii ya njano hapa mnaiona, na niseme mapema kabisa kilichonileta: nimetoa nibu iliyokuja nayo nikaweka nyingine na kalamu imebadilika mno. Kwahiyo kama na wewe umepewa ya hivi zawadi, ukaijaribu siku moja ikaandika mistari minene ukairudisha kwenye boksi lake, usiigawe kwanza, nisikilize.

Hii kaniletea dada yangu alipokuja likizo toka Ujerumani, na ndio kwao, zinatengenezwa Heidelberg. Lamy wapo tangu 1930, hii Safari ilitoka 1980 wakiwalenga wanafunzi, ndio maana hapa pa kushikia pamekatwa bapa ili vidole vikae sawa. Mwaka 2024 kampuni ikanunuliwa na Mitsubishi Pencil ya Japani, wale wenye kalamu za chapa ya uni. Bodi ni plastiki ngumu, klipu ya chuma kubwa inashika mfuko wa shati vizuri. Kwa upande huo sina neno.

Sasa nibu. Sogeza simu karibu na macho, angalia hapa juu ya chuma, kuna herufi imechorwa. Yangu ilikuja na B, yani nene. EF ndo nyembamba kuliko zote, inafuata F, inafuata M, alafu B, na kuna LH ya wanaotumia mkono wa kushoto. B kwa kusaini ni tamu jamani, inateleza, sahihi inakaa kama ya mkurugenzi. Lakini mi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma, maisha yangu ni andalio la somo, na vile visanduku vya andalio mnavijua walimu wenzangu, unatakiwa uandike shughuli ya mwalimu, shughuli ya mwanafunzi, tathmini, vyote kwenye nafasi ya vidole viwili. Kwa B herufi e na a zinajaa wino hadi zinafumba macho. Na karatasi za kaunta buku zetu zinanyonya, wino unatambaa pembeni ya mstari na ukigeuza ukurasa unasoma ya nyuma, kwahiyo unatumia upande mmoja tu, daftari linaisha nusu ya muda wake.

Wenzetu Ulaya kuna maduka na viwanda ukipeleka kalamu bado mpya wanakubadilishia nibu. Ila mpaka uifunge uitume toka Dodoma ifike huko irudi, gharama ya kutuma peke yake inatosha kununua nibu, maana nibu ya chuma ya Lamy bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kalamu nzima. Kabla sijagusa chochote nilimpigia dada nikamuomba, maana zawadi ni ya mtu, akasema wewe badilisha, nimekupa uandikie sio uitazame. Akanitumia F, ya kwenye Safari, na hiyohiyo inaingia kwenye kalamu nyingine za Lamy, Al-Star, Vista na Studio, ukiwa na mojawapo utaratibu ni mmoja. Lamy 2000 hapana, ile ni mambo mengine.

Hebu tuone inavyotoka. Unahitaji seloteipu tu na kitambaa usichokionea huruma. Shika kalamu hapa pa kushikia, bandika seloteipu juu ya nibu, ikandamize ishike vizuri, alafu vuta mbele, moja kwa moja. Usizungushe, usipindishe juu wala chini, na plaizi weka mbali kabisa. Umeona? Imeteleza imetoka. Hiki kiplastiki cheusi kilichobaki ndo fidi, ndo kinacholeta wino kutoka kwenye katriji, kile kichupa cha wino cha ndani, hicho usikivute kiache hapohapo. Nibu mpya unaipanga kingo zake zishike pembeni ya fidi unasukuma taratibu kwa kitambaa mpaka igome yenyewe. Basi, imekaa. Igeuze ichungulie chini kidogo wino ushuke.

Wino ukigoma kushuka kwenye nibu mpya mara nyingi ni mafuta ya kiwandani, itoe uioshe na maji na tone la sabuni ya vyombo. Na hapa Dodoma naomba mnielewe, maji ya kisima ya kwetu mengi yana chumvi, ukioshea alafu yakakauka ndani ya fidi unajitengenezea uchafu mwingine, tumia maji ya kunywa ya chupa, kiasi kidogo tu kinatosha. Kama inakwaruza, ivute kwa kamera ya simu uangalie yale meno mawili ya mbele, yakipishana ndo inakwaruza, unalisukuma lile la chini kwa ukucha pole pole hadi yalingane. Msasa hapana aisee, pale kwenye ncha kuna kipunje cha metali ngumu, ukishakisugua umekimaliza.

Sasa ona mwandiko. Huu juu ni wa B, huu chini F, wino uleule, karatasi ileile ya kaunta buku. Macho ya e yamefunguka, mstari umenyooka, na nyuma, ngoja nigeuze... unaona vidoti vidoti tu, upande wa pili unaandikika. Kwenye karatasi nyepesi kabisa bado wino unatambaa kidogo, hilo ni la karatasi, nibu haitibu karatasi. Na F ya Lamy sio nyembamba kama F ya Wajapani, ukishazoea Pilot hii utaiona nene, kama mwandiko wako ni mdogo sana chukua EF moja kwa moja.

Pia mfuniko usiuache wazi unaongea na wanafunzi, upepo wetu wa mwezi wa saba wa nane unakausha ncha sekunde hiyo na vumbi linaingia. Ukitoka Dar kwa treni au basi iweke nibu juu, maana unapanda zaidi ya mita elfu moja na hewa iliyoko ndani ya katriji inatanuka, inasukuma wino kwenye mfuniko.

Alafu wino wa bluu wa Lamy ni wa kufutika, angalia, naweka tone la maji hapa... umeyeyuka umesambaa. Kwa andalio sawa, ila mkataba wa kiwanja usisaini nao hata siku moja, tafuta wino usiofutika.

Kwangu mimi mabadiliko haya yana thamani kuliko kununua kalamu ya pili. Ile B nimeiosha nimeikausha, imekaa kwenye boksi lake, kadi za harusi zikija inarudi kazini. Dada kasema atanitumia na EF, ikifika nitaiandika ukurasa mmoja na hii F mzione pamoja.