Grauti ya epoksi katika bafu letu: uzoefu wangu baada ya miezi 14

Sakafu ya bafu letu ina grauti (rojo la kujazia mistari kati ya vigae) ya epoksi, aina ya gundi inayoganda ngumu badala ya saruji, kwa mwezi wa 14 sasa. Kabla ya kuinunua nilihangaika sana kumpata mtu aliyekwisha kuitumia katika nyumba ya kawaida ya Pwani, ndiyo maana nimeona niandike kwa kirefu niliyoyaona, mazuri na mabaya. Nyumba yetu ipo Kigamboni, maji yetu ni ya kisima na yana chumvi, na bafu hilo hutumiwa na watu sita kila siku, kwa hiyo mistari ya vigae vyake haipati nafasi ya kukauka ila usiku wa manane.

Grauti ya awali ilikuwa saruji nyeupe iliyochanganywa na rangi ya unga, na ilipoanza kuwa nyeusi nilishauriwa kuisafisha kwa asidi ya kusafishia vyoo. Ushauri huo ulinigharimu. Asidi hung'arisha siku ya kwanza kwa sababu inakula saruji yenyewe, yaani inaondoa uchafu pamoja na tabaka lililoushika, na kila unaporudia, mistari inazidi kushuka na vinyweleo vyake vinazidi kupanuka, hivyo inashika uchafu upesi kuliko mwanzo. Siki na ndimu, ambazo wengi wetu tunaziamini kwa kuwa ni vitu vya jikoni, hufanya kazi ileile polepole. Baada ya mwaka mmoja niliweza kuukwangua mstari kwa ukucha ukatoka unga kama wa chaki.

Fundi wa kwanza niliyemwita alipaka rojo jipya juu ya lile la zamani. Lilikuwa jepesi kama uji wa mgonjwa. Alilimimina, akalisambaza kwa kitambaa, na jioni sakafu ilipendeza. Haikufika miezi minne likaanza kubanduka vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu, kwa sababu halikuwa na kina cha kushikilia. Tena maji yakizidi katika mchanganyiko wa saruji huacha nafasi tupu yanapokauka, na grauti inakuwa dhaifu na yenye mabaka.

Fundi wa pili alikagua kabla ya kutaja bei. Alipita akigonga kila kigae kwa mpini wa bisibisi na kusikiliza, na vitatu karibu na shimo la kutolea maji vikatoa mlio wa kitu chenye uwazi chini yake. "Mama, hivi vimeachana na sakafu," aliniambia. "Ukiweka grauti yoyote hapa itapasuka, maana kigae chenyewe kinacheza." Tuliving'oa na kuvibandika upya, ndipo akaanza kuitoa grauti ya zamani kwa msumeno mdogo wa mkono, kazi iliyomchukua siku mbili nzima. Alikataa kutumia grainda kwenye mistari myembamba kama yetu kwa kuhofia kuchubua kingo, na katika vigae vyenye unene wa milimita 8 alihakikisha anachimba si chini ya milimita 5, kisha akapiga brashi mpaka vumbi lote likatoka. Tuliliacha bafu likauke siku tatu tukiogea bafu la nje. Ninaamini hatua hii ndiyo iliyoamua matokeo yote, na anayenunua grauti ya gharama bila kulipia kuchimba anatupa fedha zake.

Epoksi yenyewe huja kwa sehemu tatu: utomvu, kigumuzi, na unga wa mchanga wenye rangi. Haichanganywi kwa kukadiria kama saruji, kwa kuwa ikigawanywa vibaya haigandi sawasawa, na ikishachanganywa una muda mfupi wa kuitumia, ambao joto la Dar es Salaam huufupisha zaidi. Tulianza saa 12 asubuhi, tukachanganya kiasi kidogo kidogo kwa kupima kwenye mizani, na bado fungu la mwisho lilianza kukaza ndani ya ndoo kabla halijaisha. Ni nzito, inanata, na inahitaji kusukumwa kwa nguvu kwa mwiko wa mpira ulioinamishwa na kuvutwa mshazari, ili ukingo wake usichote rojo kutoka kwenye mistari. Vaeni glovu wakati wote, kwani inaweza kuidhuru ngozi.

Kasoro kubwa ni utando unaobaki juu ya vigae. Lazima uoshwe kwa maji na pedi laini wakati epoksi bado mbichi, tena urudiwe, kwa sababu ukigandia hautoki kwa sabuni. Mimi nimebaki na kiwingu nyuma ya mlango, mahali tulipochelewa, nacho huonekana kila taa inapowashwa. Bei nayo ni mara kadhaa ya grauti ya saruji, na zile za rangi nyeupe huweza kugeuka manjano zikipigwa na jua, kwa hiyo sitaiweka barazani.

Lakini haya yote nayasamehe ninapoitazama sakafu leo. Maji hayapenyi kwenye mistari, chumvi nyeupe iliyokuwa ikichomoza kila wiki haionekani tena, na usafi ni maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi laini tu. Ukungu ukijitokeza juu yake unafutika, kwa kuwa hauna pa kujichimbia.

Korido na jikoni sikuona sababu ya gharama hiyo. Huko tulitumia grauti ya saruji ya dukani, yenye mchanga kwa kuwa mistari inazidi milimita 3, na safari hii nilisimama pale pale wakati wa kuchanganya: maji yaliongezwa kidogo kidogo mpaka rojo likawa zito kama siagi ya karanga, likaachwa litulie dakika 10, likakorogwa tena bila kuongezwa maji. Sponji ilikamuliwa barabara kabla ya kufuta, na kwa siku tatu tuliinyunyizia maji kidogo ili isikauke kwa pupa. Baadaye ilipakwa dawa ya kuziba vinyweleo. Kila baada ya miezi michache mimi hudondosha tone la maji kwenye mstari: likikaa kama lulu naendelea na shughuli zangu, likinyweka na kuacha alama nyeusi najua wakati wa kupaka tena umefika. Hadi sasa nimerudia mara moja, mbele ya jiko la gesi.

Mstari uliotushinda bafuni ni ule wa pembezoni, sakafu inapokutana na ukuta. Tuliujaza epoksi kama mingine, na mwezi wa tatu ukapata ufa mwembamba, kwa kuwa sakafu na ukuta hutanuka na kusinyaa kila kimoja kwa namna yake, na kitu kigumu katikati hakiwezi kuvifuata. Fundi aliukwangua wote, akaujaza silikoni ya bafuni ya rangi inayokaribiana, nao haujafunguka tangu siku hiyo.