Blanton's kwa laki nane na nusu: uzoefu wangu hapa Mbeya

Laki nane na nusu. Hiyo ndiyo bei niliyotajiwa Mwanjelwa kwa mzinga mmoja wa Blanton's, wiski ya burboni kutoka Marekani, na muuzaji alikuwa anaongea kama mtu anayenipa ofa. "Kaka, hii haipatikani Tanzania nzima. Ukiikosa leo usije ukanilaumu." Nikamwambia, "Mdogo wangu, nipe muda nifikirie." Naandika kwa sababu najua sitakuwa wa mwisho kutajiwa bei ya namna hiyo. Wiski ya burboni imeanza kuzoeleka kwenye kaunta za Mbeya na Iringa, na imekuja na maneno yake: adimu, ya mwisho, ya wakubwa.

Bahati yangu ni kwamba nilishaionja kabla ya kutajiwa bei. Shemeji yangu anaishi Marekani. Alipokuja kwenye sendofu ya mdogo wake Uyole alibeba chupa moja ndani ya begi, ndani ya soksi, ndani ya suruali ya jinzi. Abiria anaruhusiwa kuingia na lita moja ya pombe kali bila ushuru, kwa hiyo hakukuwa na la kuficha. Soksi ilikuwa ya kuzuia isipasuke. Alisema aliinunua kwa dola sabini na kitu, tena baada ya kuvizia siku ambayo duka la mtaani kwao hushusha mzigo.

Chupa yenyewe inavutia, na lazima niseme hivyo kwa sababu nusu ya bei iko hapo. Ni nene, ya mviringo wenye pembe pembe, shingo fupi. Juu ya kizibo kuna sanamu ndogo ya chuma ya farasi na mpanda farasi wake. Ukiitazama karibu na miguu ya farasi utaona duara dogo lenye herufi moja ya jina Blanton's. Yetu ilikuwa N yenye nukta mbili pembeni, maana jina lina N mbili na nukta ndizo zinazoitambulisha ile ya pili. Vizibo viko vinane, kila kimoja na herufi yake na mkao wake wa farasi, kuanzia anaposimama mpaka S ambapo mpanda farasi ananyanyua mkono kushangilia ushindi. Kuna watu wananunua chupa wakitafuta herufi, si wiski. Kwenye lebo kuna maandishi kama ya mkono: tarehe pipa lilipomwagwa, namba ya pipa, ghala H. Shemeji alikuwa ananisomea yale maandishi kama mtu anayesoma hati ya kiwanja.

Sasa, ndani kuna nini? Mahindi. Hili wenzangu wa nyanda za juu kusini tulielewe vizuri kabla hatujafungua pochi. Sheria ya Marekani inataka burboni iwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51, ikae kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani kwa moto, isiongezwe rangi wala ladha, na ikifungwa kwenye chupa kilevi kisiwe chini ya asilimia 40. Nafaka zinazobaki kwa kawaida ni shayiri kidogo na ama rai, inayoleta ukali wa pilipili, ama ngano, inayolainisha. Blanton's ni ya rai, ina kilevi asilimia 46.5, na kila chupa inatoka pipa moja bila kuchanganywa na mengine. Ni nafaka ileile inayojaza magunia ya Mbozi na Mafinga, ila imepikwa vizuri na ikasubiri.

Na kusubiri ndiko kunakoleta shida. Wiski inayofungwa leo ilipikwa miaka mingi nyuma. Aliyekuwa anapanga mapipa wakati ule alikuwa anabahatisha wanywaji wa kesho. Miaka ya 1970 Wamarekani waliikimbia burboni wakaenda kwenye vodka, viwanda vikabaki na mapipa. Blanton's yenyewe ilizaliwa 1984 katika hali hiyo, kazi ya Elmer T. Lee wa kiwanda ambacho sasa kinaitwa Buffalo Trace, mji wa Frankfort, Kentucky. Wajapani waliipenda mapema kuliko Wamarekani wengi. Baadaye upepo ukageuka, kila mtu akaitaka kwa mpigo, na pipa halikubali kuharakishwa. Kila mwaka sehemu ya kilichomo inapotea hewani kupitia mbao. Ghala H limevikwa bati, na mtu yeyote aliyelala chumba cha bati mwezi wa Oktoba anajua joto lake. Huko ndiko wiski inafanya kazi haraka zaidi, lakini haraka yake bado ni miaka.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji wetu hawalisemi, pengine kwa kutolijua. Marufuku ya pombe ilipofutwa Marekani mwaka 1933, waliweka ngazi tatu: anayepika anamuuzia msambazaji, msambazaji anamuuzia mwenye duka, mwenye duka ndiye anakuuzia wewe. Bei anayopendekeza kiwanda, katika majimbo mengi, mwenye duka hafungwi nayo. Akiona foleni, anapandisha. Kwa hiyo cha juu chote kinabaki kwa wa katikati, na bei mpya haimfanyi mpishi apike vizuri zaidi. Wazee wetu walioona msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 walikuwa na neno lao kwa biashara ya namna hii, ulanguzi, na mtu alikuwa hajisifu nalo.

Turudi kwenye glasi. Pale Uyole tulifanya jaribio la kienyeji lakini la haki. Dada alikaa jikoni, akamimina aina tatu kwenye glasi za chai, akabandika vipande vya plasta chini ya kila glasi vyenye alama anayoijua yeye: Blanton's ya shemeji, Maker's Mark na Wild Turkey 101. Hizi mbili zilinunuliwa dukani, zenye stempu, kwa bei ambazo mtu mwenye kipato cha kawaida anaumia kidogo lakini halali njaa. Mwalimu mmoja jirani yetu alikuwepo, na mwenye lori anayepiga njia ya Tunduma, na mimi, na shemeji mwenyewe ambaye alikuwa na uhakika kupita kiasi.

Dokezo kwa wanaoishi huku juu: mwezi wa Julai Mbeya usiionje wiski ikiwa imetoka moja kwa moja kabatini. Baridi inafunga harufu, unabaki na ukali mtupu. Tulizishika glasi viganjani kama mtu anayeota moto, ndipo zikafunguka.

Glasi ya kwanza ilikuwa na asali, maganda ya chungwa, vanila, na mwishoni ukavu kidogo kama wa karanga. Inateremka bila ugomvi. Ya pili ilinipiga puani: sukari iliyoungua, mdalasini, pilipili manga, na joto lililokaa kifuani muda mrefu. Ya tatu ilikuwa tamu na ya upole, harufu ya mkate uliotoka kwenye oveni, lakini ukimeza inaondoka upesi.

Mimi niliipa ya kwanza nafasi ya juu. Mwenye lori alichagua ya pili bila kusita na akaomba aongezewe kwa ajili ya uhakiki. Mwalimu naye alichagua ya pili. Shemeji alichagua ya tatu, akatutangazia kwamba hiyo ndiyo Blanton's, hakuna nyingine inayoweza kuwa laini hivyo. Dada akageuza glasi. Ya kwanza ndiyo ilikuwa Blanton's, ya pili Wild Turkey, ya tatu Maker's Mark. Shemeji mpaka leo anadai glasi zilichanganywa.

Kwa hiyo siwezi kuja hapa nikasema Blanton's ni jina tu. Ni wiski nzuri, na kwa ulimi wangu ilikuwa bora mezani pale. Ila ubora wenyewe ni wa kiasi gani? Ilikuwa mbele ya Wild Turkey kwa hatua moja ndogo, na hata hiyo hatua wenzangu wawili hawakuiona. Ningenyimwa ya kwanza nikapewa ya pili, ningekunywa kwa furaha na wala nisingeuliza.

Chukua bei ya shemeji, dola sabini na tano tuseme. Kwa dola ya elfu mbili na mia tano hivi ni kama laki moja na elfu tisini. Weka usafiri, ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 18, na faida ya mwenye duka, maana naye ana kodi ya pango. Hata ukiwa mkarimu hufiki laki nane na nusu. Kinachobaki hapo katikati ni bei ya neno "haipatikani". Kwa fedha ileile ningepata Wild Turkey, Maker's Mark, na chenji ya magunia kadhaa ya mahindi, nikae na malighafi nyumbani.

Lakini kilichonifanya nirudishe chupa ile juu ya kaunta pale Mwanjelwa hakikuwa bei peke yake. Niliizungusha nikitafuta stempu ya TRA. Hakuna. Pombe kali inayouzwa kihalali nchini inatakiwa iwe na stempu ya kodi ya kielektroniki, utaratibu ulioanza 2019, na unaweza kuisoma kwa simu yako palepale dukani. Muuzaji akaniambia hii imepita njia nyingine, ndiyo maana ni halisi. Nimeishi karibu na mpaka muda mrefu kiasi cha kujua "njia nyingine" maana yake nini. Chupa ya njia nyingine haina risiti, haina wa kumlalamikia, na huna namna ya kujua ilijazwa wapi. Chupa tupu za Blanton's zenyewe zinauzwa mitandaoni huko nje, na vizibo vyake kwa seti. Wanaonunua chupa tupu si wote wanaoweka maua. Kama ni lazima ununue bila stempu, mimi nakushauri usinunue. Kama umeshanunua, angalia kama kizibo kilishafunguliwa na kufungwa upya.

Yupo atakayeniuliza kuhusu Pappy Van Winkle, burboni nyingine adimu, maana kila mazungumzo ya burboni huishia huko. Ile ya miaka 23 inauzwa kwa maelfu ya dola, na mwaka 2013 chupa zaidi ya 200 za Van Winkle ziliripotiwa kuibwa kiwandani palepale Frankfort. Sijawahi kuionja. Mtu akikuambia anayo Makambako, mpe hongera uendelee na safari. Unachoweza kufanya ni kutafuta Weller, inayopikwa kiwanda hichohicho kwa mchanganyiko uleule wa Pappy, wa mahindi na ngano, ingawa nayo siku hizi imeshaanza kuota mabawa.

Kuna hali moja ambayo ningeelewa mtu akilipa. Kama ni zawadi ya mtu aliyestaafu, au mmechanga watu kadhaa mkaigawana usiku mmoja, basi mnalipia tukio, na farasi wa juu ya kizibo atakaa kabatini akizungumziwa. Kwa toti, hotelini, pia ni sawa: unalipa mara moja, unajua ladha, roho inatulia. Mimi binafsi naona toti moja ingetosha kumponya kila anayeota kuhusu chupa hii. Kulipa laki nane na nusu ili uje unywe peke yako ukiangalia mpira, hapana.

Tena wakati uko upande wa mnywaji. Kentucky sasa ina mapipa zaidi ya milioni kumi yamelala ghalani, mengi kuliko idadi ya watu wa jimbo lenyewe. Mwishoni mwa 2025 Jim Beam walitangaza kwamba kiwanda chao kikuu cha Clermont kitasimamisha kupika kwa mwaka 2026. Kampuni inayoogopa uhaba haifanyi hivyo. Bei za walanguzi wa huko zilishaanza kulegea kabla ya hapo. Habari huchelewa kufika Mwanjelwa, lakini hufika.

Mimi nyumbani nina Wild Turkey 101. Ina kilevi asilimia 50.5, kwa hiyo naweka tone la maji, na wakati wa baridi naacha hivyohivyo. Haipatikani kila wiki hapa mjini. Ikikosekana namwagiza jamaa wa Dar aniwekee kwenye basi la usiku, imefungwa kwenye kanga, na risiti ya EFD ndani. Blanton's nimeiwekea kikomo cha laki tatu, na stempu iwe juu yake. Yule kijana alishanipigia tena, safari hii ameshuka hadi laki sita na nusu.